Haijafa, ila haikui tena

Wiki iliyopita katibu wa chama cha msingi cha kahawa, huku juu Kibosho, alinipigia simu. Wanataka programu ya mizani itoke kwenye kompyuta kuukuu ya Windows pale ofisini, ihamie seva ya kukodi ya Linux. "Mwanangu, ni kazi ya siku ngapi?"

"Shikamoo mama. Si ya siku, ni ya miezi."

Sababu ni uamuzi nilioufanya mwaka 2009. Programu ile niliijenga juu ya LINQ to SQL, zana ya Microsoft ya kuongea na hifadhidata kutoka ndani ya msimbo, iliyokuja na .NET Framework 3.5 (jukwaa lao la programu za Windows) Novemba 2007, na niliipenda kwa haki. Ukikosea jina la safu ya jedwali, kompaila (inayotafsiri msimbo kuwa programu) inakukamata hapohapo. Zamani, SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ikiandikwa kama maneno matupu ndani ya msimbo, kosa kama hilo lilijitokeza siku ya malipo, wakulima wakiwa wamepanga foleni.

Wakati huo Microsoft ilishatoa Entity Framework, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, Agosti 2008, na Oktoba mwaka huohuo ikatangaza kwamba kuanzia .NET 4.0 hiyo ndiyo itakayopendekezwa. Watengeneza programu wengi walikereka; miezi michache kabla, baadhi yao walikuwa wametia saini waraka wa kutokuwa na imani na Entity Framework yenyewe. Mimi nilitulia, kwa kuwa tuliambiwa LINQ to SQL haitaondolewa.

Na kweli haikuondolewa. Imo hadi kwenye .NET Framework 4.8. Nilichokosa kukiona ni kwamba kutunzwa na kuendelezwa ni mambo mawili. .NET Core, jukwaa jipya la Microsoft, ilipotoka Juni 2016, ikiwa na uwezo wa kukimbia kwenye Linux, LINQ to SQL iliachwa ng'ambo. Hata Entity Framework iliyovuka iliandikwa upya, ikaitwa EF Core. Ndiyo maana siku hizi sisomi ahadi. Nasoma orodha ya mabadiliko ya kila toleo. Fremuweki (zana za kujengea programu kama hizi) ikipita matoleo mawili bila kipengele kipya, naanza kupanga kuhama.

Kuhama kwenyewe kuna mitego. EF Core 1 na 2 zikishindwa kugeuza sharti la kwiri (ombi la data) kuwa SQL, zilivuta rekodi zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuchuja hukohuko, zikiacha onyo tu kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu. Ukijaribu na wakulima kumi huoni kitu. Ukiweka mapokezi ya misimu yote, seva inaelemewa. Toleo 3.0, Septemba 2019, likaanza kukataa kwiri za namna hiyo. Liliwavunjia wengi msimbo, nami naliunga mkono kabisa.

Mtego unaonitisha zaidi ni wa desimali. Kwenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, usipotaja ukubwa wa safu, EF Core huchukua desimali mbili, na ziada inakatwa. Mizani yetu inaandika tatu. Kilo 47.385 inakuwa 47.38, na gramu tano za kila gunia ni jasho la mtu.

Kwa hiyo sigusi skrini hata moja kwanza. Nimekusanya kwiri zote mahali pamoja, na mama katibu amenipa madaftari ya msimu uliopita. Nitapiga malipo ya awali ya kila mkulima kwa programu ya zamani na kwa mpya, halafu nilinganishe na daftari, jina kwa jina.