Wimbo usiosajiliwa nao una mwenyewe

Kwenye baraza za Langoni, Lamu, utawasikia vijana wa taarabu wakiambiana: "Usiposajili wimbo Nairobi, ni wa yeyote." Maneno ya zamani hayo, na si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mtunzi haki pale tu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Mashairi kwenye daftari lenye doa la kahawa, au sauti uliyoinasa kwa simu huku dumbaki likilia, yatosha. Yaliyo kichwani tu, hapana. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako. Wajukuu nao wamo.

Kusajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni hiari, ila mkigombana cheti ni ushahidi mzuri.

Wanapoumia wengi, kwa maoni yangu, ni studioni. Utunzi una haki yake, rekodi nayo ina yake. Kumhamishia mtu utunzi lazima kuwe kwa maandishi. "Tumeelewana" ya mdomo haihamishi kitu. Basi kisome kile kikaratasi cha prodyuza kabla hujatia sahihi, hata kama boti ya Mokowe inakungoja.