Flashi ikionekana tupu, usiifomati

"Fundi, nisaidie, picha za msiba wa baba zimepotea zote." Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Mama huyu alishuka na daladala ya kwanza kutoka Kibosho, akanikuta hapa Moshi mjini bado nafungua duka. Flashi alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga. Jana yake aliipeleka steshenari kutoa kopi. Aliporudi nyumbani na kuichomeka kwenye laptopu, folda zote zilikuwa na kimshale pembeni, na hakuna hata moja iliyofunguka. Jirani akamshauri aifomati, yaani aifute yote na kuianza upya. Namshukuru Mungu hakufanya hivyo.

Kabla ya kugusa chochote nilimwonyesha jambo moja. Flashi ni ya GB 8. Kwenye kioo zilionekana shotikati (njia za mkato, zile zenye kimshale) tano tu, kila moja KB 1 au 2. Lakini nafasi iliyotumika ilizidi GB 5.

"Mama, hizi GB 5 unadhani ni za nini?"

Picha zilikuwa humohumo. Virusi vya aina hii havifuti mafaili. Vinayapa alama ya kufichwa, kisha vinaweka shotikati yenye jina lilelile. Ukiibonyeza, unakiamsha kirusi chenyewe, nacho kinahamia kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo usibonyeze kitu. Kagua flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi (Microsoft Defender inayokuja na Windows inazitosha nyumba nyingi), halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi. Yako inaweza kuwa F au G. Haikupita dakika, folda zikarudi. Mama akavuta kiti, akazipitia picha moja moja, kimya. Mimi nikaanza kuisafisha laptopu yake, maana flashi safi ukiirudisha kwenye mashine chafu, yanaanza yaleyale.

Faili kufutwa kweli ni habari nyingine, na hapo ndipo watu wanapojiumiza wenyewe. Kwenye diski ya kawaida au flashi, kompyuta ikifuta faili haiondoi kilichomo. Inaondoa jina kwenye orodha tu na kulihesabu eneo kuwa wazi. Ni kama shamba lililong'olewa bikoni: migomba bado imesimama, mpaka aje mwingine kulima. Kijana mmoja wa chuo alifomati diski yake kwa bahati mbaya, kisha akajaza filamu humo ili aone kama bado ni nzima. Zile filamu ndizo zilizolima shamba. Niliokoa karibu nusu ya kazi yake, na iliniuma.

Ukigundua umefuta kitu, acha kuitumia diski hiyo saa ileile. Kama ndiyo diski yenye Windows, zima mashine. Mimi hutumia PhotoRec ya Christophe Grenier, programu ya kuokoa mafaili, ambayo ni ya bure. Iweke kwenye kompyuta nyingine, na unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine. Majina ya mafaili huwa hayarudi, kwa hiyo jiandae kukaa chini kuyatambua upya. Kwenye SSD (diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka) matumaini ni madogo zaidi: Windows huiambia diski, kwa amri iitwayo TRIM, ni maeneo gani hayahitajiki tena, nayo huyasafisha, mara nyingi mapema sana.

Kinga? Nyingi ya mashine chafu ninazoletewa ziliwekewa programu za kraki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Ukiona maelekezo yanasema "zima kwanza antivairasi", basi, funga ukurasa huo. Na kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Panga kuhama.

Virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga pia diski ya nje vikiikuta imechomekwa. Ndiyo maana nawasihi wateja: nakili, kisha chomoa. Ukishafungiwa, pita kwanza kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) pamoja na polisi wa Uholanzi. Baadhi ya virusi hivyo vina ufunguo wa bure.

Mama aliondoka na flashi mbili. Ya pili ni ndogo, haina kitu, na ndiyo atakayokwenda nayo steshenari.