Maua Yanayokufa kwa Kiu Yakiwa Ndani ya Maji

Wiki hii mteja mwingine amenieleza kwamba mawaridi yake yalinyauka baada ya siku mbili, ilhali aliyatilia sukari na vidonge viwili vya parasetamoli. Ninauza na kupamba maua hapa Dodoma, na imani hii ninaikuta majumbani, maofisini na hata kwa baadhi ya wapambaji wenzangu: kwamba ua likishakatwa huwa linaumwa au lina njaa, kwa hiyo lipewe dawa au chakula. Imani hiyo imeharibu maua mengi mazuri, na sasa naona ni wajibu wangu kuieleza hadi mwisho.

Ua lililokatwa hufa kwanza kwa kiu, hata likiwa limesimama ndani ya maji. Majani na petali hupoteza maji hewani, na upotevu huo ndio unaoyavuta maji mengine kupanda kupitia mirija ya zailemu ndani ya shina. Katika mji wetu, ambao uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ambao wakati wa kiangazi hewa yake ni kavu na upepo hauna mapumziko, mvuto huo ni mkali sana. Mirija ikiziba, ua linaendelea kupoteza maji lisiyoweza kuyarudisha. Kinachoiziba ni bakteria na ute wao, pamoja na hewa inayoingia pale shina linapokatwa na kuachwa kavu. Waridi linaloinamisha shingo kabla halijafunguka mara nyingi lina tatizo hilo hilo, kwa kuwa sehemu iliyo chini ya tumba ni laini na ndiyo ya kwanza kulegea maji yakipungua.

Sasa tuitazame sukari. Ni kweli kwamba ua hutumia sukari kufungua tumba na kutunza rangi, na mchanganyiko wa wataalamu huwa nayo. Lakini katika mchanganyiko huo sukari haiko peke yake: ipo pamoja na asidi na kiuabakteria. Anayetia vijiko vitatu vya sukari katika maji ya bomba na kuondoka anawalisha bakteria kabla ya kulilisha ua, na siku ya pili maji yanakuwa na ukungu na shina linateleza mkononi. Afadhali maji matupu, safi, yanayobadilishwa.

Kuhusu vidonge, ushauri wa asili ulihusu aspirini, ambayo ikiwa ndani ya maji hutoa asidi ya salisili. Katika kupita mdomo hadi mdomo, kidonge cha maumivu kikawa kidonge chochote cha maumivu. Parasetamoli ni kitu kingine kabisa. Haiyafanyi maji kuwa na asidi ya maana, wala haiui bakteria wa kwenye chombo. Hata aspirini yenyewe hapa kwetu ina kazi ngumu. Maji ya visima, yakiwemo yale ya Makutupora yanayohudumia sehemu kubwa ya mji, yana madini mengi. Itazameni ile gamba nyeupe ndani ya birika. Bikaboneti, madini yaliyo katika maji magumu ya namna hiyo, huimeza asidi ndogo kabla haijashusha pH (kipimo cha asidi: kadiri kinavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi), na maji yenye pH ya chini, kati ya 3.5 na 5, ndiyo yanayopanda vizuri ndani ya shina na kuwadhoofisha bakteria. Kwa sababu hiyo hiyo, pakiti ya chakula cha maua iliyogawanywa nusu ili idumu ni hasara: sukari inabaki ya kutosha bakteria, na kinga inakuwa haitoshi kuwazuia. Mwenye maji ya mvua aliyoyakinga ayatumie, kwa kuwa hayana madini hayo.

Chombo kioshwe kwa sabuni kama sahani ya kulia chakula. Majani yote yatakayozama yaondolewe. Shina likatwe sentimita mbili au tatu kwa kisu kikali, liingie majini papo hapo, na likatwe tena kila maji yanapobadilishwa, yaani kila baada ya siku mbili. Kuongeza maji juu ya yaliyochafuka si kubadilisha.

Vitabu husisitiza kukata kwa mshazari. Mimi hukata hivyo, lakini nina shaka kama eneo kubwa la jeraha ndilo linalosaidia, kwa sababu maji hupita ndani ya mirija ile ile. Naamini faida ni kwamba shina halikai bapa juu ya sakafu ya chombo. Kukata shina likiwa ndani ya maji kunasaidia waridi, ila ndoo ikiwa chafu unaingiza bakteria moja kwa moja kwenye jeraha.

Anayetaka kuchanganya nyumbani aweke katika lita moja ya maji kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na robo kijiko cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Limau na klorini visikutanishwe bila maji, kwa kuwa hutoa gesi ya hatari. Nina wasiwasi pia na muda wa nguvu yake: asidi huifanya klorini itoke haraka, hivyo mchanganyiko huo hauondoi haja ya kubadilisha maji.

Maua yawekwe mbali na feni, dirisha lenye jua na ndizi mbivu, kwa sababu ethileni, gesi inayotolewa na matunda yanayoiva, huzeesha kanesheni haraka sana. Jebera ziwekewe maji machache, kwani shina lao lenye vinyweleo huoza. Kwa wasomaji wa Singida nina neno moja zaidi: baadhi ya visima huko vina floridi nyingi, na jebera na gladiola huungua kingo za petali hata floridi ikiwa takriban miligramu moja kwa lita. Kwa maua hayo tumieni maji ya mvua tu.

Waridi lililoinama leo lisitupwe. Likate upya, lifungie karatasi ili shingo isimame wima, ulizamishe shina karibu lote katika maji ya uvuguvugu kwa saa moja au mbili, mahali penye kivuli. Likiwa limeinama kwa kiu ya karibuni, huinuka. Likiwa lilivunwa tumba likiwa changa mno, halitainuka, na hapo mwambie aliyekuuzia.