Sumu, vimelea na baruti hewani: maswali tunayoulizwa

Je, ipo mashine moja inayonusa kila hatari?

Haipo. Gesi ya sumu imeshachanganyika na hewa, kwa hiyo kipima gesi huweza kulia papo hapo. Vimelea sharti vinaswe kwanza. Baruti nyingi hutoa mvuke kidogo mno, ndiyo maana mkaguzi wa uwanja wa ndege hupangusa begi lako kwa kitambaa, kisha kitambaa ndicho kinachoingia mashineni.

Vimelea hunaswaje?

Marekani, mwaka 2001, barua zenye vimelea vya kimeta ziliua watu 5. Mwaka 2003 ukaanzishwa mpango wa BioWatch: pampu hufyonza hewa ya mjini, chembechembe zinabaki kwenye chujio, mtu anapita kulichukua, na maabara inatafuta vinasaba. Hadi majibu yatoke, siku nzima au zaidi inaweza kupita. Watu huona huko ni kuchelewa, lakini aliyevuta kimeta kwa kawaida hukaa siku kadhaa kabla ya kuugua, na antibiotiki zikianza kabla ya homa humwokoa.

Kipimo kikisema "kipo", tumeshambuliwa?

Si lazima. Septemba 2005, machujio ya Washington yalionyesha bakteria wa tularemia, ugonjwa wa sungura na panya. Hakuna mgonjwa aliyepatikana. Bakteria hao huishi porini na udongoni, na kinasaba hakisemi kama mwenyewe yu hai au alishakufa. Ndiyo sababu daktari huuliza pia: wodini kuna nani?

Na panya wa Morogoro?

Shirika la APOPO, lenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), hufundisha panya buku kunusa TNT, baruti iliyomo kwenye mabomu ya kutegwa ardhini. Panya hajali chuma, hivyo misumari na makopo havimpotezei muda kama vinavyompotezea mwenye kifaa cha kutafuta chuma. Akinusa baruti hukwaruza ardhi, analipwa ndizi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Mimi sina kipimo. Nifanye nini?

Usingoje harufu: sarini, sumu inayoshambulia neva, haina, wala kaboni monoksidi ya jiko la mkaa chumbani. Macho yakiwasha au watu wakianza kuanguka, toka eneo hilo, elekea upepo unakotokea, vua nguo za juu, uoge kwa maji mengi na sabuni. Tokyo, mwaka 1995, wahudumu wa hospitali waliugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa wa sarini.