Bangi Ileile, Miili Tofauti

Tunapotoa elimu ya afya katika mialo ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, vijana hutuuliza inakuwaje wavuvi wawili wavute msokoto mmoja kabla ya kuingia ziwani kuvua dagaa, mmoja aendelee kuvuta nyavu bila shida, na mwenzake aanze kuona watu wasiokuwepo na kutaka kujitosa majini. Wapo wanaosema kwamba huyo wa pili amerogwa. Sisi jibu letu linaanzia kwenye ini.

Kemikali kuu inayolevya katika bangi ni THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenganisha nchini Israeli mwaka 1964. Ikishaingia mwilini huvunjwa na vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, hasa kile kiitwacho CYP2C9, na maelekezo ya kukitengeneza yamo katika jeni ambayo kila mmoja wetu amerithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Zipo nakala zinazotoa kimeng'enya kinachofanya kazi polepole. Mtu aliyerithi pande zote mbili nakala inayoandikwa *3 anaweza kuwa na THC katika damu karibu mara 3 ya mwenzake aliyetumia kiasi kilekile. Nakala hiyo ni adimu kwa Waafrika, ambao kwao huonekana zaidi nyingine kama *8 na *11, na kwa hiyo si sahihi kuyachukua matokeo ya Ulaya na kuyavika miili yetu kama yalivyo.

Ubongo nao una tofauti zake. Mwaka 2012 watafiti wa London walionyesha kwamba, miongoni mwa wanaovuta kila siku, wenye aina fulani ya jeni ya AKT1 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa akili. Tafiti za mapacha nazo zimeonyesha kwamba karibu nusu au zaidi ya tofauti baina ya watu katika kuwa tegemezi wa bangi inatokana na urithi. Hapa wengi hukosea: kipimo hicho kinahusu jamii nzima, wala hakimwambii mtu mmoja kwamba amekwisha kuandikiwa uraibu.

Jeni hazionekani kwa macho, lakini ukoo unaonekana. Kijana ambaye mzazi au ndugu yake wa damu amewahi kuugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, asijipime kwa rafiki yake wa mtumbwini, kwa maana rafiki huyo hakurithi alichorithi yeye.

Tunawasihi pia wanaotumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, au wafarini ya kuzuia damu kuganda, wamweleze tabibu iwapo wanatumia bangi, ingawa sheria inaikataza na aibu ni kubwa. Dawa hizo huvunjwa na kimeng'enya kilekile cha CYP2C9, na tabibu asiyejua hilo anaweza kupanga dozi isiyomfaa mgonjwa aliye mbele yake.