Chumvi ya Katwe haitoki baharini

Wapo wanaoamini kwamba Ziwa Katwe, kule Kasese, Uganda, lina chumvi kwa sababu maji ya bahari hupenya chini ya ardhi hadi pale. Sivyo. Katwe liko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Maji ya bahari huingia kwenye midomo ya mito ya pwani, kama Rufiji kule Tanzania, si mbali bara kama Katwe. Katwe ni kreta, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano: chemchemi huleta madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba, ziwa halina mto wa kulitoa maji, jua huyakausha, chumvi inabaki. Ukiipima utaona tofauti: ina kabonati na salfeti nyingi, ilhali ya bahari ni kloridi zaidi. Kinachopaswa kuwahangaisha wachimbaji ni mvua kubwa, maana huyazimua maji na kuharibu mavuno yao.