Usimamizi unaowajibika si kugawa madaftari

Kampuni ikigawa madaftari au ikipanda miche, hakosekani mtu wa kusema huo ndio usimamizi unaowajibika. Wapo hata wahadhiri wa biashara wanaofundisha hivyo. Hiyo ni misaada, nayo si mibaya, ila ni jambo jingine.

Usimamizi unaowajibika ni kuendesha shirika ukijua utawajibu wote wanaoguswa na maamuzi yako, si wenye hisa peke yao. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulizindua kanuni za kuufundisha katika shule za biashara, zijulikanazo kama PRME. Misaada huja faida ikishapatikana. Uwajibikaji huuliza faida hiyo ilipatikanaje.

Linaloniudhi zaidi ni kudhani kwamba kutii sheria kunatosha. Sheria ya nani? Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, penye machimbo ya koltani, madini yanayotoa tantali, huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru waliotoza ulifikia dola 800,000 kwa mwezi. Januari 2025 wakaingia Goma, mji mkuu wa jimbo hilo, benki zikafungwa. Mwenye duka pale alipe kodi kwa nani? Akiwalipa waasi, amewachangia. Akikataa, hana hakika kama kesho atafungua. Na mishahara aitoe wapi? Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi tulivu hakina ukurasa wa maswali hayo.

Basi mfanyabiashara aondoke? Hapo napo pana mtego. Mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank ya Marekani, kifungu cha 1502, iliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa jirani zake. Haikukataza kununua. Hata hivyo wanunuzi wengi walijitoa, na wachimbaji wadogo, ambao hawakuwa na bunduki wala hisa, wakakosa pa kuuza. Mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, hautaki hivyo: hatari ya kuyafadhili makundi yenye silaha ikionekana, simamisha biashara; baadhi ya hatari nyingine, kama rushwa, baki uzipunguze huku ukifuatilia.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, swali la mtihani la “taja miradi mitano ya kijamii ya kampuni” liweke kwenye somo la mawasiliano. Kwenye somo la usimamizi mpe mwanafunzi risiti moja ya ununuzi, aeleze kila aliyelipwa njiani.